Samoni wa Kopo Kutoka Alaska Katika Rafu za Tanga: Ladha, Lebo na Matuta ya Mto

Kopo ninalolitathmini hapa ni la samoni aina ya pinki, lenye uzito wa gramu 418, lililonunuliwa katika duka moja la vyakula la Ngamiani, ambako hupangwa kando ya jodari wa mafuta na dagaa wa nyanya. Ni bidhaa adimu katika mji ambao samaki wabichi hushushwa kila siku Deep Sea na Sahare, na kwa kuwa bei yake inazidi kwa mbali ile ya kopo la jodari la ukubwa unaokaribiana, mnunuzi ana haki ya kuuliza analipia nini hasa. Jibu la lebo ni fupi: samaki wa asili, asiyefugwa. Nimempika samaki huyo kwa njia tofauti na kufuatilia habari za mito anakotoka, na hukumu yangu ni kwamba samaki mwenyewe anastahili sifa kuliko maelezo yaliyobandikwa juu yake. Lebo imelinyamazia jambo linaloamua kwa kiasi kikubwa ni samoni yupi hufika koponi kwa wingi na yupi amebaki wa kuhesabika, nalo ni namna binadamu walivyojenga ili kuzuia mafuriko ya mito.

Kwa mengine, lebo hiyo imeandikwa kwa uangalifu. Viambato ni viwili tu, samoni na chumvi, na jambo hilo peke yake linalitofautisha kopo hili na wenzake wengi wa rafu ileile. Chini yake kuna jina la kisayansi, Oncorhynchus gorbuscha, kisha jimbo la Alaska nchini Marekani, kisha namba 67, ambayo ni eneo la Pasifiki ya Kaskazini-Mashariki katika mgawanyo wa bahari unaotumiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Kwa mgawanyo huohuo, maji ya Tanga yamo katika eneo namba 51. Muuzaji, kijana mwenye subira ambaye aliniita mwalimu ingawa hiyo si kazi yangu, alidhani namba hiyo ni ya kiwanda, na aliponiuliza, “Kwani mwalimu, huyu si jodari mwekundu tu?” nilitambua kwamba wateja wengi humnunua samaki huyu bila kuambiwa lolote.

Ukifungua kopo unakuta vipande vinene vilivyosimamishwa wima, vikiwa na ngozi ya kijivu na pingili za uti wa mgongo, kwa sababu samaki hukatwa akiwa mbichi, hufungiwa koponi na kupikwa humohumo kwa mvuke wenye shinikizo. Upishi huo huilainisha mifupa mpaka ikapondeka kwa vidole, na si busara kuitupa, maana ndimo ilimo sehemu kubwa ya kalisi. Rangi ya nyama ni ya waridi iliyopauka, wala si ile nyekundu inayoonyeshwa kwenye picha za hoteli. Shangazi yangu, ambaye amekaanga samaki miaka mingi na hana neno jema kwa samaki wa barafu, alionja kipande kikavu bila kitu chochote, akasema, “Huyu hana shombo, lakini na mafuta pia hana.” Ni kauli ya haki, kwani pinki ni miongoni mwa samoni wa Pasifiki wenye mafuta machache, na aliyezoea kibua wa kuchoma atamwona mkavu. Katika mchuzi wa nazi alivunjikavunjika na tui likamfunika kabisa, kwa hiyo upishi huo siupendekezi. Katika katlesi, akichanganywa na viazi vilivyopondwa, kitunguu, kotimiri, pilipili manga na ndimu, alimshinda jodari wa kopo bila ubishi, hasa pale ambapo maji ya kopo hayakumwagwa bali yalitumiwa kulainishia viazi.

Sasa nirudi kwenye dai la uasili. Kwa upande wa Alaska dai hilo lina msingi wa kisheria, kwani ufugaji wa samoni wa biashara katika vizimba umepigwa marufuku katika jimbo hilo tangu 1990, na kwa maana hiyo kopo hili ni kitu tofauti na samoni wa Norway anayeletwa hotelini Dar es Salaam akiwa kwenye barafu, ambaye amefugwa. Hata hivyo, tangu miaka ya 1970 jimbo hilohilo limekuwa na vituo vya kutotolesha mayai, ambavyo huachia vifaranga waende baharini kujitafutia, na sehemu kubwa ya pinki wanaovuliwa katika ghuba ya Prince William Sound ilianzia katika vituo vya namna hiyo. Samaki huyo amekulia katika bahari huria na anavuliwa kwa nyavu zilezile, kwa hiyo lebo inayomwita wa asili haisemi uongo. Ila mto, ambao kwa samoni ndio nusu ya maisha, hakuupitia kama wenzake. Lebo ya kopo langu haielezi kama samaki aliyemo ni wa kundi hilo au ni wa mtoni, na huo ni upungufu wa kwanza ninaoupunguzia alama.

Upungufu wa pili ni mkubwa zaidi, na kuuelewa kunahitaji kujua samoni huishi vipi. Samoni wote wa Pasifiki huanguliwa katika maji baridi, ndani ya changarawe ya mto ambamo jike huchimba kishimo kwa mkia, hutaga na kufukia. Kisha hushuka baharini kukua, na mwishowe hurudi mtoni, hutaga na kufa. Wanachotofautiana ni muda ambao kifaranga hukaa mtoni kabla ya kushuka. Pinki hana subira: akishatoka kwenye changarawe huelekea baharini moja kwa moja, akiwa na urefu wa sentimita tatu au nne tu, na hurudi akiwa na umri wa miaka miwili kamili, ndiyo maana ukoo wa miaka witiri na ule wa miaka shufwa haukutani. Chamu naye hushuka mapema, ila huchelewa kidogo katika maji ya mlango wa mto, penye mchanganyiko wa chumvi. Sokai kwa kawaida hukaa ziwani mwaka mmoja au miwili. Koho hukaa mwaka au zaidi katika vijito vya pembeni, madimbwi na vinamasi vinavyoungana na mto, na chinuki, aliye mkubwa kuliko wote, huweza kuondoka baada ya miezi michache au baada ya mwaka, lakini kwa vyovyote hunufaika sana na maji yaliyotandaa nje ya kingo.

Maji hayo yaliyotandaa ndiyo tunayoyaita mafuriko. Wakati wa masika yao, mkondo mkuu huwa na kasi ambayo kifaranga wa urefu wa kidole hawezi kuihimili, kwa hiyo hukimbilia ubavuni, kwenye nyasi na miti iliyoingiliwa na maji, ambako mwendo ni wa polepole, joto huzidi kidogo, na wadudu wa majini huzaana kwa wingi usioonekana katikati ya mto. Uwanda wa mafuriko ni malezi yake. Tuta likijengwa sambamba na mto kwa ajili ya kulinda mashamba na nyumba, maji hubanwa katikati, na kifaranga hupoteza pa kujificha na pa kulia chakula kwa wakati mmoja. Pinki, ambaye amekwisha kushuka, hupungukiwa kidogo. Koho hupungukiwa karibu na kila kitu. Hapa ndipo kopo linapoanza kueleweka, kwa sababu samoni anayepatikana kwa wingi na kwa bei ya chini kuliko wenzake ni yuleyule ambaye maisha yake hayategemei sana ardhi ya pembeni mwa mto. Bei yake ya chini ina sababu nyingine pia, zikiwemo wingi wake wa asili na hivyo vituo vya kutotolesha, na sisemi kwamba matuta ndiyo yaliyomfanya awe wa bei nafuu. Nasema kwamba mlaji anayepima afya ya mito ya samoni kwa kutazama kopo la pinki amechagua shahidi ambaye hakuwapo kwenye tukio.

Mfano ulio wazi zaidi hauko Alaska, ambako mito mingi bado haijajengewa matuta, bali kusini yake, katika mto Fraser wa Kanada, unaoingia baharini karibu na Vancouver baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,300. Mafuriko ya 1948 katika bonde la chini la mto huo yaliwahamisha watu wapatao 16,000, na baada yake matuta yaliongezwa na kuimarishwa mpaka leo yanahesabiwa kwa mamia ya kilomita. Sioni mtu wa kulaumu hapo. Aliyeona maji yakiingia chumbani mwake hahitaji kuelezwa faida ya tuta. Lakini kazi hiyo ilikuwa imekwisha kuanza kabla ya 1948 kwa nia nyingine. Ziwa Sumas, lililokuwa kwenye bonde hilohilo na lililokuwa likipanuka na kusinyaa kwa kufuata majira, lilikaushwa ili lipatikane shamba, na kazi ikakamilika 1924. Watu wa asili wa Sumas, ambao waliishi kwa samaki na ndege wa ziwa hilo, walibaki wakitazama mahindi na malisho ya ng’ombe wa maziwa. Utafiti uliochapishwa 2021 ulikadiria kwamba samoni wa bonde la chini la Fraser hawawezi tena kufika katika takriban asilimia 85 ya uwanda wa mafuriko uliokuwa wao, na ukahesabu vizuizi zaidi ya 1,200, yakiwemo mabwawa, malango ya mafuriko na makalavati ya barabara. Novemba ya mwaka huohuo mvua kubwa ziliufanya mto Nooksack wa upande wa Marekani uvuke kingo zake, tuta likapasuka, na maji yakaja kukaa palepale palipokuwa ziwa. Wakazi walipanga mifuko ya mchanga usiku kucha kukiokoa kituo cha pampu cha Barrowtown, kwa kuwa kingezimika hicho, maji ya Fraser nayo yangeingia.

Tuta lenyewe, kwa kweli, ni nusu tu ya habari. Kila tuta linalokatisha kijito lazima liwe na tundu la kutolea maji ya kijito hicho, na kwenye tundu hilo hufungwa lango la bawaba, ambalo mara nyingi ni bamba zito la chuma lililoning’inizwa kwa juu. Mto mkuu ukiwa chini, maji ya kijito hulisukuma lango likafunguka kidogo. Mto ukipanda, au bahari ikijaa, lango hujifunga lenyewe kwa uzito wa maji ya nje. Ni kifaa chepesi kueleweka, hakihitaji umeme wala mlinzi, na kwa mhandisi wa mafuriko hakina dosari. Kwa samaki kina dosari tatu. Kwanza, hufungwa wakati ambao samaki anahitaji kuingia, yaani maji yanapopanda. Pili, hata likifunguka, huacha mwanya mwembamba ambao maji hutoka kwa kasi, na kifaranga hawezi kuupanda. Tatu, nyuma ya lango maji husimama, hupata joto, huota magugu na kupungukiwa na oksijeni, na vipimo vilivyofanywa katika vijito vya bonde la chini la Fraser vimeonyesha kwamba sehemu ya nyuma ya malango hayo huweza kukosa oksijeni ya kutosha samoni kuishi, huku samaki wageni wenye kustahimili maji mabovu wakichukua nafasi yao. Mtu anaweza kusafisha kijito chote kwa juu, akapanda miti na kurudisha changarawe, na bado asipate hata koho mmoja, kwa sababu mlango wa kuingilia nyumbani umefungwa kwa nje.

Mvua ikizidi wakati lango limefungwa, kijito hakina pa kutokea, na hapo ndipo pampu huingia kazini. Pampu za kawaida zenye mapanga yanayozunguka kwa kasi huwakata samaki wanaopita ndani yake. Zipo pampu za parafujo, zenye umbo la skrubu kubwa linalozunguka polepole na kuyapandisha maji pamoja na kilichomo, na samaki wengi hutoka upande wa pili wakiwa hai. Tatizo ni kwamba manispaa nyingi zilikwisha kununua zile za mapanga, na pampu ikifungwa hukaa miongo. Malango nayo yana mbadala. Lango jepesi la alumini lenye bawaba za ubavuni hufunguka kwa upana zaidi kwa nguvu ndogo ya maji, na lango la boya hukaa wazi mpaka maji yafikie kimo kilichopangwa, ndipo boya linapolifunga. Kwa jicho la mtathmini wa bidhaa, lango la boya ndilo ningelipa alama za juu kati ya vifaa vyote nilivyosoma habari zake, kwa sababu linalinda shamba dhidi ya mafuriko ya hatari bila kumfungia samaki katika siku za kawaida, ambazo ndizo nyingi katika mwaka.

Kuhusu kingo zilizopangwa mawe sitasema mengi. Mawe makubwa hurundikwa ukingoni ili mto usile udongo wa tuta, na miti huondolewa ili mizizi isilidhoofishe tuta na ili wakaguzi waone nyufa. Matokeo yake ni kwamba kivuli hupotea, magogo yaliyokuwa yakianguka majini na kutengeneza vidimbwi hayaanguki tena, na mto uliobanwa hupita kwa nguvu ambayo huweza kuifukua changarawe pamoja na mayai.

Kuna mahali pamoja ambapo hata pinki wetu amekutana uso kwa uso na ujenzi wa kuzuia mafuriko, nako ni mto White katika jimbo la Washington, unaotiririka kutoka kwenye barafu za mlima Rainier. Bwawa la Mud Mountain lilikamilishwa huko 1948 kwa kazi moja ya kuzuia mafuriko. Kwa sehemu kubwa ya mwaka halihifadhi maji, bali husubiri mvua kubwa, hushika maji kwa muda, kisha huyaachia polepole kupitia mahandaki. Samaki anayepanda hawezi kulipita, kwa hiyo tangu mwanzo wanaopanda wamekuwa wakinaswa karibu na mji wa Buckley, chini ya bwawa, wakapakiwa kwenye malori yenye matangi na kwenda kumwagwa juu yake. Utaratibu huo uliwatosha samaki walipokuwa wachache. Pinki walipoanza kupanda kwa mamia ya maelfu katika miaka witiri, mtego wa zamani ulizidiwa, samaki wakasongamana na kuumia, na waliopata hasara kubwa zaidi walikuwa chinuki wa masika, ambao ni wachache na wanalindwa na sheria ya Marekani ya viumbe walio hatarini tangu 1999. Mtego mpya ulianza kazi mwishoni mwa 2020, nao umesanifiwa kuhamisha hadi samaki 60,000 kwa siku moja. Nakiri kwamba nilisoma takwimu hiyo kwa mshangao: nchi imejenga kituo kizima cha usafiri ili samaki waendelee kufika mahali walipokuwa wakifika kwa miguu yao wenyewe, kama samaki angekuwa nayo.

Upande wa marekebisho kuna mambo mawili ambayo mwenye lebo angeweza kuyataja kwa fahari kama angetaka. La kwanza ni mlango wa mto Nisqually, katika jimbo hilohilo la Washington, ambako tuta la shamba lililozuia maji ya bahari kwa takriban karne moja liliondolewa 2009, na hekta zaidi ya 300 za ardhi zikaanza tena kupokea maji kujaa na kupwa. Hapo iliamuliwa kwamba shamba lile halina faida kuliko malezi ya samaki, na serikali na kabila la Nisqually wakakubaliana juu ya hilo; si kila mahali makubaliano hayo yanawezekana, hasa penye nyumba.

La pili linanivutia zaidi, kwa sababu halikumhamisha mtu wala kuvunja ukuta. Karibu na Sacramento, California, wahandisi wa karne iliyopita walitambua kwamba matuta peke yake hayawezi kuubeba mto Sacramento wakati wa mafuriko makubwa, wakaacha eneo pana la mashamba, hekta zipatazo 24,000, liwe njia ya pembeni ya maji, liitwalo Yolo Bypass. Maji yakizidi kimo fulani humwagika humo na kuipunguzia miji mzigo. Yakipungua, wakulima hulima. Watafiti walipolinganisha vifaranga wa chinuki walioingia katika njia hiyo na wale waliobaki kwenye mkondo mkuu, katika matokeo yaliyochapishwa 2001, waligundua kwamba walioingia mashambani walikua haraka zaidi kwa sababu ya joto na wingi wa chakula. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010 yakafuata majaribio ya kuwaweka vifaranga katika majaruba ya mpunga wakati wa baridi, baada ya mavuno, na huko nako walinenepa. Kasoro ipo pia: maji yakipungua haraka, samaki wengine hukwama kwenye madimbwi, na wakubwa wanaopanda huweza kuishia mbele ya kizingiti cha zege wasiweze kurudi mtoni. Hata hivyo, ni ujenzi wa kuzuia mafuriko uliofanya kazi yake kwa kuyapa maji nafasi, na nadhani ni kwa sababu hiyo samaki naye alipata yake.

Msomaji wa Tanga anaweza kuuliza haya yote yanamhusu nini, ilhali samoni hawapandi Pangani wala Zigi. Hawapandi, lakini mkunga wa mtoni anapanda, naye huishi kinyume cha samoni: huzaliwa baharini, huingia mtoni akiwa mdogo kama uzi, hukulia huko miaka mingi, kisha hurudi baharini kutaga. Mto Pangani una bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katikati ya miaka ya 1960 kwa ajili ya umeme na umwagiliaji pamoja na kupunguza mafuriko, na kabla ya kufika baharini una mitambo ya Hale na Pangani, na kila ukuta wa namna hiyo humuuliza mkunga swali lilelile ambalo Mud Mountain humuuliza pinki, tena hapa bila lori. Kambamiti wa Bagamoyo na Saadani nao hukua wakiwa wadogo katika mikoko ya milango ya mito kama Ruvu na Wami, kwa hiyo matuta ya mashamba ya chumvi na milango yake ya maji si jambo la mbali na sahani zetu. Siweki mizani sawa kati ya shamba la chumvi la Tanga na mamia ya kilomita za matuta ya Fraser, ila kanuni ya maji na kifaranga ni ileile.

Narudi kwenye ununuzi. Kwa ladha, na kwa usafi wa viambato, kopo hili nalipa nyota nne kati ya tano, mradi litumike kwa katlesi, kwa sambusa au kwa kachumbari yenye ndimu na pilipili mbichi, na wala si kwa mchuzi. Kwa bei nalipa mbili, kwani fedha hiyohiyo Deep Sea asubuhi hununua vibua wa kutosha nyumba nzima, na vibua hao wana mafuta anayokosa pinki. Kwa lebo nalipa tatu: imetaja aina, jimbo na eneo la bahari, jambo ambalo ni zaidi ya wengi, lakini haikutaja kama samaki alitoka mtoni au kwenye kituo cha kutotolesha, wala haikutaja ghuba au mto wowote. Duka nalo lingefanya vyema kuandika kwenye rafu aina ya samoni kwa Kiswahili, kwa sababu picha ya samaki mwekundu kwenye karatasi ya kopo huwafanya wateja watarajie sokai na kupata pinki.

Sokai mwenyewe yupo katika duka hilo, kwenye kopo dogo la gramu 213, kwa bei ya juu zaidi kwa uzito. Nyama yake ni nyekundu na ina mafuta mengi kuliko ya pinki, na lebo ya kopo nililolikagua ilitaja Bristol Bay, upande wa kusini-magharibi wa Alaska, ambako mito na maziwa hayana mabwawa wala matuta ya mafuriko na ambako 2022 walirudi sokai wapatao milioni 79. Anayetaka kulipa fedha ya ziada kwa samoni ambaye mto wake bado ni mzima, kopo hilo dogo ndilo la kuchukua, na alile kwa wali mweupe bila kulipika tena.